Kichwa Kipya, Hakijaoshwa

Ndugu zangu, ninyi mlioketi na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi, asifiwe Bwana aliyenipa miguu ya kusimama mbele yenu nikiwa mzima! Asifiwe tena, kwa sababu wako watu hapa Kilifi waliokwisha kunipangia maziko.

Nimesimama kwa mambo mawili. La kwanza ni kumshukuru Mungu. La pili ni kuiweka habari sawa, maana habari yangu imesimuliwa sana na watu ambao hawakuwapo. Imesemwa kwamba nilitoroka kwa mlango wa nyuma. Ndugu zangu, nyumba yangu haina mlango wa nyuma! Imesemwa kwamba niliwahonga watu wakanyamaza. Sikumpa mtu hata kikombe cha maji siku ile, na wala sijisifu kwa hilo. Imesemwa tena kwamba miongoni mwa vile vichwa, kimoja kilikuwa kichwa cha kweli. Hilo nitalifikia kwa mpango wake.

Wengi mnanijua kwa jina la Karani. Kwetu asili ni Rabai. Nimetunza stoo za serikali katika pwani hii tangu ujana wangu hadi nilipostaafu mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, na sikupata kupoteza koleo wala blanketi. Baada ya kustaafu nikajenga nyumba kando ya njia iendayo Takaungu, kati ya majirani Wagiriama na Waswahili, na hatukupata kukosana. Ibada nilihudhuria. Sadaka nilitoa. Nilidhani maisha yaliyobaki yangekuwa ya kutazama minazi ikikua.

Siku moja nilikwenda kwenye mji, yaani boma la bwana mmoja, upande wa Kaloleni kununua miche ya mikorosho. Kuku wake walikuwa wakinywa maji katika chombo cha mviringo, cheusi kwa masizi. Nikakitazama. Nikainama. Nikakitazama tena. Ilikuwa kofia ya chuma ya askari, imepinduliwa!

Nikamwomba mwenye mji ruhusa, nikamwaga maji, nikasugua ndani kwa kidole. Palikuwa na chapa ya mwaka. Ndugu zangu, mwaka ule ulikuwa wa baada ya vita vikuu kwisha! Nikachuchumaa pale pale kati ya kuku, nikijiuliza: vita vimekwisha, watu wamerudi makwao, sasa kofia ya vita inaundwa ya nini? Mtu anayeshona mwavuli baada ya mvua kukatika ana habari gani ambayo sisi hatuna?

Mwenye mji akacheka. "Mzee, umekipenda chombo cha kuku? Chukua. Lakini uniletee kingine, na kiwe cha chuma. Kuku hawa wameshajizoesha makuu."

Nikamletea sufuria. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Najua mhubiri angefika hapa na kuanza kuzungumza juu ya chapeo tuisikiayo ikisomwa kanisani. Mimi sitafanya hivyo. Zangu zilikuwa za chuma hasa, zenye kutu, na moja ilikuwa na kiota cha mavu.

Nikaanza kuuliza. Nilipokwenda mazikoni niliuliza, nilipokwenda harusini niliuliza. Nikagundua kwamba zile zilizovaliwa vitani zilikuwa bapa, zenye ukingo mpana, kama ungo uliofunikwa. Zile za baadaye zilikuwa na umbo la gamba la kobe, zimeshuka hadi karibu na masikio. Na lililonishangaza zaidi lilikuwa ndani yake. Katika kofia za baadaye, ile ngozi na kitambaa cha ndani vilishikwa na kifungo kimoja tu. Ukikibonyeza kinaachia, vya ndani vinatoka vyote, na chuma kinabaki kitupu kama bakuli. Nikauliza kwa nini. Mzee mmoja aliyerudi kutoka Burma akanijibu kwamba vitani mtu hupigwa risasi mara moja, lakini hushikwa na kiu kila siku. Kumbe wale mafundi walikwisha kujifunza! Walimpa askari kofia ambayo angeweza kutekea maji na kunawia uso. Basi yule mwenye kuku wa Kaloleni hakuikosea heshima. Aliitumia kama ilivyokusudiwa.

Nilizipata zikipimia mahindi. Nilizipata zimepandwa mchicha. Wakati huo huo wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mombasa walikuwa wakizizoa pamoja na mabati na ringi za baiskeli, wakazipeleka kuyeyushwa. Nilikasirika, ndugu zangu, na hadi leo nimekasirika! Katika kazi yangu kitu hakiondolewi stoo mpaka kwanza mtu akitazame na kusema ni nini. Nikaamua kwamba zile nitakazozifikia, nitazitazama. Nikazipa chumba kizima, nikakitia kufuli, kama nilivyozoea.

Mwenzangu katika utafutaji huu alikuwa Mzee Athmani wa Takaungu, mshona kofia. Yeye hushona kofia zile za viua ambazo mabwana huvaa siku ya Ijumaa. Nilimkuta akizivika kofia zake juu ya kofia ya chuma baada ya kuzifua na kuzitia wanga, ili zikauke zikiwa na umbo. Kofia juu ya kofia! Hakukubali kunipa ile ya kwake. Alisema, "Hii ni mfanyakazi wangu, Karani, haiuzwi." Lakini alianza kunitafutia nyingine, na kwa kuwa aliziona kama vichwa vinavyosubiri kofia zake, yeye ndiye aliyezibandika jina. Hakusema kofia. Alisema kichwa. "Kichwa kimepatikana Vipingo." "Kuna kichwa Mtwapa, mwenyewe hakitaki tena." Nami nikalizoea neno hilo, nikalitumia bila kufikiri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo msiba ulipoingia.

Msimu ule pwani yote ilikuwa na hofu ya mumiani. Kwa mgeni asiyejua, mumiani ni wale wanaosemekana kuwanasa watu njiani na kuwatoa damu. Sijapata kuonana na mtu aliyemwona mumiani, ila nimeonana na wengi walioonana na mtu aliyemwona. Watu waliacha kusafiri peke yao. Kila gari lisilojulikana lilikuwa gari lao.

Katika hali hiyo mimi na Athmani tulikutana sokoni Kilifi, karibu na feri, kati ya wauza viazi na wachukuzi. Nitawarudishia maneno yetu kama yalivyokuwa.

"Karani! Kichwa kimepatikana. Kipya, hakijaoshwa."

"Kina tundu?"

"Tundu hakina. Kimebonyea kidogo upande wa sikio."

"Na ngozi?"

"Ngozi imechunika yote. Umebaki mfupa mtupu."

"Usikioshe kwa maji, Athmani. Kianike juani, halafu ukipake mafuta ya nazi. Nitakuja na gunia."

"Njoo upesi, bwana. Mke wangu ameapa halali tena na kichwa uvunguni."

Tukacheka, tukaagana. Mwuza viazi aliyekuwa nyuma yetu hakucheka. Sikumwona. Angekuwa ameniuliza swali moja tu, ningemjibu kwa saa nzima na kwa furaha!

Maneno yale yakavuka feri kabla yangu. Yakafika Malindi, yakafika Mambrui, na kila yalipofika yaliongezewa kichwa. Mimi sikujua lolote. Niliona tu kwamba majirani walianza kuitikia salamu zangu wakiwa mbali, na kwamba wanawake waliokuwa wakipita mbele ya baraza langu kwenda kisimani walianza kuzunguka kwa njia ya shambani. Nikadhani ni matope.

Jirani yangu wa karibu ni Mama Karisa, mjane, mkulima wa mihogo. Mwanawe Karisa alikuwa akifanya kazi Malindi, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani. Mwisho wa mwezi ule hakuja. Mama akamtumia salamu. Hazikurudi. Akasubiri. Kisha mtu akamletea yale maneno ya sokoni: kichwa kipya, hakijaoshwa.

Walikuja alasiri. Mke wangu alikuwa matangani Rabai, nami nilikuwa peke yangu barazani. Nikaona watu wanaijaza njia yote, wanaume kwa wanawake, wenye mapanga na wenye fimbo. Hamali mmoja wa sokoni alikuwa na debe la mafuta ya taa. Mbele yao alikuja Mama Karisa, amejifunga leso kiunoni, na mikononi hana kitu.

Nikaingia ndani nikavaa koti langu, kwa sababu sikuzoea kuupokea umma nikiwa na fulana. Nikatoka. Nikauliza, "Ni nani anayeuongoza ujumbe huu?"

Hamali akapiga kelele. "Sikieni! Mla watu ataka mwenyekiti!"

Wakacheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri.

Mama Karisa akainua mkono wakanyamaza. Akasema, "Mzee, mimi sikuja kukutukana. Nipe kichwa cha mwanangu nikakizike. Mwili nitautafuta mwenyewe."

Ndugu zangu! Nimepokea barua kali za wakubwa katika maisha yangu ya kazi. Hakuna maneno yaliyopata kunikata kama hayo. Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja: sokoni, matope, salamu za mbali.

"Mama," nikasema, "ni kofia."

"Kofia?"

"Kofia za chuma. Za askari."

"Kofia yenye ngozi na mfupa?" akadakia hamali. "Kofia inayoanikwa ikapakwa mafuta? Kofia ya kutolewa uvunguni? Na ikiwa ni kofia, mzee, kufuli la nini? Wewe wamwona nani afungiaye kofia?"

Nikajaribu kueleza. Nikaeleza habari ya ngozi ya ndani, na kwamba mfupa ni chuma kitupu. Nikaeleza kwamba maji huleta kutu. Kila nilichosema kilinizamisha zaidi, na kila neno la kweli lilitoka likifanana na ungamo. Nikaona debe likifunguliwa.

Nikafumba macho. Nikasema, "Bwana, nimeishiwa na maelezo." Ilikuwa sala ya maneno hayo tu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, na sitasema nilisikia, maana hapa tunatoa ushuhuda, hatutungi. Lakini moyo wangu uliokuwa ukienda mbio ulitulia kama mtoto aliyeshikwa bega. Likanijia jambo moja, la kawaida kabisa, la kwanza nililofundishwa nilipoajiriwa: stoo haifunguliwi bila shahidi.

Nikafumbua macho. Nikautoa ufunguo mfukoni, nikauinua wauone wote. "Stoo nitaifungua," nikasema, "lakini haifunguliwi mbele ya kundi. Inafunguliwa mbele ya shahidi. Mchagueni mtu mmoja aingie nami, aguse kila kitu kwa mkono wake, atoke awaambie. Mkiona amesema uongo, mafuta mnayo."

Kisha nikasikia mambo ambayo, lau nisingalikuwa karibu na kufa, yangenichekesha.

"Ingia wewe. Si ndiwe uliyesema huogopi?"

"Mimi mke wangu mjamzito. Haifai niingie mahali pa maiti."

"Basi aingie hamali, ndiye mwenye maneno mengi."

"Nami nikiingia, debe atanishikia nani?"

"Weka chini! Lina miguu?"

Wakasukumana. Waliokuja kunichoma hawakuwa tayari kunitembelea.

"Nitaingia mimi," akasema Mama Karisa. "Mtoto ni wangu."

Akavipanda vidaraja vya baraza. Nikafungua kufuli. Chumba kile kina dirisha dogo, na mwanga ulikuwa hafifu. Nilikuwa nimevifunika vyote kwa shuka nyeupe dhidi ya vumbi, na sasa nakiri kwamba rangi ile haikufaa. Rafu mbili za maumbo ya mviringo, yamepangwa sawasawa, chini ya shuka nyeupe. Mama Karisa akaushika mkono wa koti langu.

"Ni vingi," akasema.

"Ni vingi, mama."

"Wangu yuko wapi hapa?"

"Hayupo. Gusa."

Akanyoosha kidole. Akagusa shuka. Akagonga. Ngo! Chuma kikaitika. Akagonga cha pili. Ngo! Nilidhani atafunua shuka na kutoka. Ndugu zangu, hakutoka! Akavigonga vyote, kimoja baada ya kingine, rafu ya juu na rafu ya chini, na kila kilipoitika alivuta pumzi. Mama atafutaye mwanawe hatosheki na cha pili. Nilimfuata nyuma nikiomba kimoyomoyo, nikimsihi Mungu kila kimoja kiitike, kana kwamba mimi mwenyewe sikujua kilichomo!

Alipomaliza akaivuta shuka. Akachukua kofia moja, akaigeuza, akaichungulia ndani. Akaivaa. Akatoka nayo barazani.

Kundi likarudi nyuma kwa mshindo. Hamali akaanguka katika ua wa minyaa, na debe lake likamwagika. Mama Karisa akakikunja kidole akajigonga utosini. Ngo! Ngo!

"Ni chuma!" akasema. "Mmeniletea habari ya chuma!"

Mtu mmoja akasogea, akatazama. "Jamani, mbona hiki ni kama kile alichokuwa akikamulia mbuzi mjomba wangu?"

"Na mjomba wako naye ni mumiani?"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na safari hii kilikuwa kicheko cha watu waliotua mzigo. Sasa, kwa wale wanaosema kwamba kimoja kilikuwa na kichwa cha kweli: ndiyo, kilikuwa nacho. Ni kile alichokivaa Mama Karisa.

Lakini yeye hakucheka. Aliivua ile kofia, akaketi kwenye kidaraja, akaiweka mapajani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi Karisa yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Wote wale walikuja kutafuta kichwa chake, na hakuna aliyekuwa amekwenda kumtafuta yeye.

Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa na ya haki. Nilikuwa nimeshaanza kupanga rohoni ni nani nitakayemshitaki kwanza. Lakini sikuweza kumtazama mama yule na kuendelea kupanga. Nikamwambia, "Kesho asubuhi tutakwenda Malindi, mimi nawe." Naye akaniitikia, "Haya, baba." Hakuwa amepata kuniita baba.

Asubuhi tukavuka feri, tukafika Malindi, tukaulizia kutoka hoteli hadi hoteli, mimi nikiwa nimevaa tai ili walinzi watuheshimu. Tukampata nyuma ya jiko la hoteli moja ya watalii, anaosha masufuria. Alikuwa mzima! Amenenepa! Mama akalia, akampiga kofi, akamkumbatia, akampiga tena.

"Mbona hukuja? Mbona hukuja, Karisa?"

"Mama, ningekujaje? Nilitaka kukutumia salamu, lakini wa kuzileta hapatikani. Watu waogopa njia. Hukusikia? Kule kwetu kuna mzee anakusanya vichwa vya watu. Anavianika."

Kisha akaniona mimi, na koti langu. "Na jirani yetu Karani amefuata nini huku?"

Mama Karisa akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Huyu ndiye mwenyewe," akasema. "Ndiye mwenye vichwa."

Sufuria likamponyoka. Akarukia nyuma ya mlango wa jiko. "Mama, sogea huku! Sogea upesi!"

Ndugu zangu, nilisimama pale kwenye maji machafu ya jiko nikapigwa na mshangao ambao bado haujaniisha. Kijana hakuja nyumbani kwa kuniogopa mimi. Na kwa sababu hakuja, mama yake akaamini kwamba nimemuua mimi. Na hayo yote yalitokana na mbonyeo upande wa sikio! Hapakuwa na adui popote. Palikuwa na watu wanaopendana, kila mmoja upande wake wa maji, na katikati hakuna aliyeuliza.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na moto. Namshukuru kwa ajili ya Mzee Athmani, ambaye siku hizi husema "kofia" kwa sauti kubwa hata asipoulizwa. Namshukuru zaidi kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa na hofu kuliko wote waliokuja siku ile, naye ndiye aliyeingia. Yuko hapa leo, pale karibu na nguzo, pamoja na mwanawe. Hamali naye yuko, na tumesalimiana.

Nawe uliyekuja leo na jambo ambalo limefunikwa nyumbani mwako au moyoni mwako, ukalikisia umbo lake gizani mpaka limekunyima usingizi, nakusihi: usilizunguke kwa njia ya shambani, wala usiliwashie moto ukiwa nje. Mwombe Bwana, kisha ingia ukaliguse. Usiogope kwamba utaingia peke yako. Yeye ameshatangulia ndani.